Kuoga katika Munara wa Kupoza Maji

Mimi niliacha shule darasa la tatu, na leo ninauza barafu kwa wavuvi wa Kalemie, kwa hiyo nilikuwa ninasema hakuna mashini ya kunishangaza. Munara wa kupoza maji ya kiwanda changu cha barafu niliusimamisha mwenyewe. Beseni lake la chini lilikuwa na maji vuguvugu yanayotoka kwenye mashini, basi mimi na wafanyakazi tulikuwa tunaoga humo kila jioni. Patroni gani mwingine anawapa watu wake maji ya moto bure?

Kisha barafu ikaanza kutoka laini, na wavuvi wakasema watanunua kwingine. Niliita fundi, mama mmoja wa Kabimba. Alizima feni ya munara, akafunga swichi kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni, akavaa maski, ndipo akapanda kuangalia ndani.

"Papa, nani anaoga humu?"

"Ni mimi patroni, na wafanyakazi wangu."

"Njo maana pompi imejaa povu ya sabuni, haisukumi maji vizuri, na mashini haipoi. Na uchafu wenu feni inaurusha hewani, munauvuta tena kifuani. Muoge, lakini si humu."

Tulisugua beseni na pompi siku mbili. Siku ya tatu barafu ilitoka ngumu, na wavuvi wakapanga foleni. Wafanyakazi niliwajengea bafu la maji ya moto. Pamoja na malipo ya fundi, hayo maji ya bure yalinigharimu dola mia tatu kumi na nane.