Karai Juu ya Bati

Nyumba yetu ya Gatsata imekaa kwenye mkunjo wa kilima, mahali ambapo mvua hufika bila shida lakini mtandao hukwama. Ukifungua picha sebuleni, inajitokeza kidogo kidogo kama mtu anayeona haya kuvua koti. Lakini ukipanda ngazi za mawe hadi kwa jirani yetu wa juu, ua wake unatazama bonde lote la Nyabugogo, na mnara wa simu ulio ng'ambo unauona kwa macho.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa Mama alipanda kwa jirani kuzungumza kwa video na mdogo wake anayeishi Karagwe, Tanzania, walikokulia wote wawili. Alibeba chupa ya chai. Kigoda chake alikuwa akikiacha kulekule wiki nzima, chini ya ukingo wa paa. Jirani, mwanamke mtu mzima aliyekulia Kigoma, alikaa pembeni akichambua maharage, na simu haikwenda mbali kabla hajanyoosha mkono: "Lete nimsalimie mdogo wetu." Yeye na mama mdogo hawajawahi kuonana ana kwa ana, lakini walikuwa wameshajuana mpaka maumivu ya magoti.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi ya kudumu, na jambo lolote linalofanywa kwa sababu ndivyo lifanywavyo lilinikera. Kwa nini mwanamke mwenye nyumba yake apande ngazi na goti bovu, akazungumze mambo ya ukoo mbele ya mtu? Nilimuuliza.

"Kule inashika vizuri," alisema.

Mimi ninayehoji kila kitu, jibu hilo sikulihoji. Nililichukua kama tatizo la kiufundi.

Kwenye gereji za barabarani nilipata bomba refu la chuma. Nikachukua karai la Mama lililotoboka, nikalifunga kwenye ncha ya bomba, na mbele yake, kwa kijiti, nikaweka kirauta kidogo cha mfukoni, kile kifaa cha kunasa mtandao, pale ambapo mawimbi yakigonga karai yangekutana. Mvua isikiingie, nikakifunika kwa kopo la siagi, maana mifuko ya plastiki hapa kwetu imepigwa marufuku. Kisha nikapanda juu ya bati kusimamisha bomba na kuushusha waya wa umeme wa kirauta hadi dirishani.

Jirani aliniona kutoka uani kwake.

"Wewe sha," aliniita kama vijana wa hapa waitanavyo, "zamani msichana hapandi juu ya nyumba."

"Kwa nini?"

"Haya, ameanza. Hapandi tu."

"Akipanda inakuwaje?"

"Nitajuaje, na hakuna aliyepanda? Na hilo karai lako linatazama soko. Mnara uko kule."

Kutoka pale nilipochuchumaa mnara sikuuona. Yeye aliuona, na karai pia aliliona. Akaweka ungo wake chini, akasimama ukingoni mwa ua, akawa ananielekeza kwa mkono. Kushoto. Zaidi. Rudi kidogo. Hapo, usiguse tena.

Jumapili iliyofuata Mama alikaa sebuleni, na uso wa mama mdogo ukatokea wazi mpaka vinyweleo vya nyusi. Mama akacheka, akasema kumbe elimu si bure. Niliona fahari.

Wiki kadhaa baadaye nilimsikia mama mdogo akiuliza, "Na dada yetu wa juu? Mbona siku hizi nyuma yako naona ukuta tu?"

"Yupo," Mama alijibu.

Simu zikaanza kuwa fupi. Nilidhani mtandao unakatika, nikauliza. "Haujakatika," alisema. "Tumemaliza."

"Si upande tu ukamsalimie jirani?"

"Kwa lipi?"

"Kusalimia tu."

"Mtu haamki akajitia kwenye ua wa watu."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mama si mtu wa kubisha hodi bila sababu, na sababu yake nilikuwa nimeifunga juu ya bati.

Siku moja jirani alishuka mwenyewe. Alikuwa amebeba kigoda cha Mama, amekisugua mpaka mbao imebadilika rangi. Akakiweka mlangoni.

"Nimeona mtakuwa mnakihitaji huku."

Mama akamkaribisha ndani. Jirani akasema ameacha sufuria motoni. Wakasimama pale wakiulizana habari za afya kwa adabu nyingi, kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki, kisha akapanda ngazi zake taratibu.

Kabla ya Jumapili niliuchomoa waya. "Antena imekufa," nilimwambia Mama. "Itabidi upande juu."

Alitazama waya uliolegea dirishani, akanitazama mimi.

"Imekufa au umeiua?"

Niliinama nikaushika ule waya.

"Nikipanda sasa, atajua nimefuata nini. Mtandao. Na ulipopatikana nyumbani nikamwacha." Akakivuta kigoda karibu na ukuta, akakaa. "Yule si mnara, mwanangu. Rudisha waya wako."

Niliurudisha. Nimewahi kupanda mwenyewe kumwomba jirani ashuke tunywe chai naye. Alinipokea kwa furaha, akanipa maharage nimpelekee Mama, akasema atakuja. Hajaja bado.

Karai lingali pale, limetazama palepale aliponielekeza kwa mkono. Inashika vizuri sana.