Tulikataa Kuikalia

Ukitaka kuwajua watu wa pikipiki, usiwaulize wanaendesha nini. Waulize wanasafisha mnyororo na nini. Kwetu kulikuwa na wa mafuta taa na mswaki mkuukuu, kulikuwa na wa dawa ya kopo, na kulikuwa na daktari wa meno wa Kilimani ambaye hakusafisha kabisa, aliwapelekea watu wamsafishie. Tulimsema kila Jumapili. Alikuwa na pikipiki, Mjerumani mkubwa wa kuvuka jangwa, masanduku ya chuma kushoto na kulia, na safari yake ndefu ya wiki ilikuwa kutoka nyumbani hadi kliniki. Hapo angeweza kwenda kwa miguu, tena akafika mapema.

Tuliziita pikipiki kwa makabila yake. Yangu ilikuwa Mjapani wa injini ya mia mbili hamsini, na daktari aliiita cherehani. Nilimwambia cherehani imesomesha watoto wengi nchi hii kuliko meno. Mimi sikuwa mwendeshaji wa Jumapili. Nilitoka nayo Kabiria kila siku ya kazi, nikapita Kawangware kukiwa bado na ukungu, nikateremka Valley Road hadi mjini, kwenye ofisi ya mawakili ninakopokea wageni na simu. Mvua ilininyeshea, watu wa boda wakaniita madam, na kila jioni nilimwaga kikombe cha uchovu wangu kwa kuipangusa taa na vioo. Sikuwa na mtu mwingine wa kumpangusa, na nasema hivyo bila kutaka kuhurumiwa.

Tulikutana Jumapili asubuhi kwenye kituo kimoja cha mafuta upande wa Westlands, kabla ya watu wa kanisa kujaza barabara. Mzee wa Kitisuru tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa na Mwingereza wa silinda moja, aliyekuwa mkubwa kwangu kwa umri, mweusi, mwenye tangi lililokwanguka pale magoti ya watu wawili, yeye na baba yake, yalipokuwa yakibana miaka yote hiyo. Mzee alikuwa Kalasinga, kilemba cha buluu, ndevu zimefungwa vizuri, aliyeuza rangi na misumari mjini mpaka alipofunga duka. Usidhani alikuwa mtu wa hekima. Alikuwa mbishi, bahili wa oili, na alisema uongo kuhusu mwendo wake. Oili chafu aliyoimwaga kutoka kwenye injini aliipaka kwenye mnyororo, na daktari alipomkemea alijibu, "Wewe unapaka meno ya watu dhahabu, mimi nimekuuliza?"

Yule Mwingereza hakuwa na kitufe cha kuwashia. Alikuwa na kick tu, ule mkono wa chuma unaopigwa kwa mguu, na kick yake ilikuwa na adabu zake. Ukiipiga kwa pupa inakurudishia, na mguu wako utaimba wiki nzima. Mzee alinifundisha mimi peke yangu, pengine kwa sababu mimi peke yangu niliuliza. Shusha kick polepole kwa mguu mpaka ikupinge. Hapo bana kamkono kadogo kwenye usukani, kale kanakotoa pumzi ya injini, isukume ipite kidogo, achilia, rudisha kick juu, kisha piga mara moja kama mtu anayekanyaga mende. Alinifundisha nikiwa nimesimama pembeni, mguu wangu ukipiga hewa.

"Beti," aliniambia, akiniita binti kwa lugha ya kwao, "ikikupinga, ujue iko hai. Pikipiki haiuawi na barabara. Inauawa na kukaa."

Nilisimama pembeni kwa sababu ya sheria yetu. Hatukuwa na sheria nyingi, hata zile za serikali tulizichagua. Lakini hii tuliishika: hukalii pikipiki ya mwenzio. Unaweza kuishika, kuikagua, kuitukana, hata kuisukuma ikikwama, lakini makalio yako hayagusi kiti chake. Ilianza na mwenzetu mmoja aliyefariki kwenye barabara kuu. Pikipiki yake ilibaki nyumbani bila kuguswa, na siku ya maziko ndugu yake ndiye aliyeikalia kwanza, akaiendesha nyuma ya gari la jeneza, nasi tukamfuata. Tangu siku hiyo, kwetu sisi, kukalia kiti cha mtu ni kumrithi. Mgeni akija kikundini na kupandisha mguu kwenye pikipiki isiyo yake, watu wazima na vitambi vyao walipiga kelele kama kuku walioona mwewe. Mzee ndiye aliyepiga kelele zaidi.

Basi goti la mzee likaharibika. Walimpasua, wakamfunga, wakampa mkongojo, na Jumapili zake zikaisha. Mwanzoni tulimpigia simu. Halafu akatuita nyumbani kwake Kitisuru, mimi na daktari, siku moja mchana.

Nyumba ilikuwa imezungukwa na ua wa miti iliyokatwa vizuri kuliko nywele zangu. Mke wake alikuwa amefariki zamani, na binti yake wa pekee alikuwa Kanada. Alitupa chai ya tangawizi iliyochomachoma koo, tukabishana kuhusu presha ya tairi wakati wa mvua. Daktari alisema anapunguza, mimi nikasema sigusi, mzee akasema sisi wote tutakufa. Tulicheka. Kisha akainuka na mkongojo wake akatupeleka karakana.

Mwingereza alikuwa amesimama katikati ya sakafu, amefutwa mpaka ameng'aa. Hata mnyororo ulikuwa safi. Ningepaswa kujiuliza pale pale: huyu mtu wa oili chafu amesafishia nani mnyororo?

"Kaa," mzee akaniambia.

Nilitafuta kiti. Hakukuwa na kiti.

"Juu yake. Kaa."

"Ai, mzee," nikasema, nikicheka ili yapite. "Wewe bado uko. Mimi sikukalii."

"Nimesema kaa, beti."

"Goti litapona, utaiwasha mwenyewe. Mimi nitakuwa nyuma yako, nakula moshi yako."

Akamgeukia daktari. Daktari alirudi nyuma hatua nzima, mikono juu. "Hapana, mzee. Mungu apishe mbali. Hiyo kiti ni yako."

Tulikuwa wakweli, sote wawili. Nilihisi machozi yakinikaribia kwa jinsi nilivyompenda yule mzee mbishi, na kukataa kwangu ndiyo ilikuwa njia yangu ya kumwambia aishi. Heshima si utumwa, tunasema, na mimi nilimpa yote niliyokuwa nayo. Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Akasema, "Sawa." Akachukua shuka kuukuu lenye maua, akaifunika, akahangaika na upande mmoja uliokuwa ukiteleza. Nilimsaidia kuuvuta. Kisha akatuuliza kama tunataka chai nyingine.

Katika kurudi, tuliposimama kwenye taa za Westlands, daktari alifungua kioo cha kofia yake akaniambia, "Tumefanya poa. Mzee alikuwa anatutest." Nikakubali. Nilikubali kwa moyo wote, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikuwa hata na shaka kidogo ya kunisumbua usingizi.

Haukupita muda mrefu, binti yake akaja kutoka Kanada. Goti lilikuwa limeleta mambo mengine, na yeye hakuweza kumwacha baba yake peke yake tena. Nyumba ikapata mnunuzi. Nilisikia hayo kwa kuchelewa, kwa sababu nilidhani mgonjwa hasumbuliwi. Nilipofika Kitisuru, mzee alikuwa ameshapelekwa kwa jamaa zake kusubiri ndege, na binti yake alikuwa akifunga masanduku sebuleni. Alinijua kwa jaketi langu.

"Wewe ndiye wa pikipiki," akasema. "Ya cherehani."

Nikamuuliza kuhusu Mwingereza. Alisimama na utepe wa gundi mkononi.

"Imeenda. Mtu mmoja wa mkahawa alikuja, akaipenda. Hakuuliza hata kama inawaka. Aliruka tu juu yake, akapigwa picha." Akanitazama usoni, akaona nilivyobadilika. "Lakini nyinyi hamkuitaka. Baba aliniambia. Alisema, niliwapa na hawakuitaka, hata kukaa walikataa."

Nilijaribu kumweleza. Jaribu wewe. Jaribu kumweleza mwanamke aliyechoka, aliyezungukwa na masanduku, kwamba watu wazima wawili walipewa kitu walichokitamani kuliko vyote, wakakikataa kwa sababu ya makalio na kiti. Alinisikiliza kwa upole, akanipa glasi ya maji. Aliposhika vizuri nilichokuwa nikisema, akakaa juu ya sanduku.

"Kwa hivyo yeye alijua hiyo sheria?"

"Alikuwa mkali kuliko sisi wote."

"Basi ndiyo maana alisema kaa," akasema. "Hakusema chukua. Angesema chukua, mngechukua?"

Tungechukua mbio, tungepigana na daktari pale pale karakanani. Lakini mzee hakutaka kutupa chuma. Alitaka mmoja wetu amrithi kwa desturi yetu wenyewe, akiwa hai, akiona kwa macho yake, na desturi hiyo hiyo ndiyo iliyotufunga miguu. Nilikuwa mtu pekee Nairobi aliyejua adabu za ile kick. Penye miti hapana wajenzi, na mimi nilikuwa mjenzi, nimesimama msituni, nikisema asante, hapana.

Binti yake aliniomba jambo moja. Kumwona mzee akilala akiangalia ukuta kulikuwa kumemshinda, kwa hiyo alimwambia kwamba pikipiki imechukuliwa na mtu wa kikundi. Mzee hakuuliza ni nani. Alitabasamu, akasema, "Beti." Binti aliniomba nisimvunje moyo.

Mkahawa uko Kilimani, orofa ya chini ya jengo jipya la vioo, mahali ambapo vijana huja na kompyuta na kuagiza kahawa moja ya kutwa. Mwingereza yuko mlangoni, chini ya taa tatu za njano. Miguu yake imefungwa kwa boliti kwenye sakafu. Nilimtafuta msimamizi, nikamwambia nataka kuinunua. Alicheka kwa heshima.

"Madam, hiyo ni ya picha tu. Ndani haina kitu. Tulitoa vitu yote ya ndani juu ilikuwa inamwaga oil kwa floor."

Nikamuuliza walivipeleka wapi. Hakujua. Alikuwa kijana mwenye adabu, na sikuwa na haki ya kumkasirikia, ingawa nilimkasirikia.

Nilienda mara nyingine, na nyingine tena. Daktari nilimwita, akakataa; alisema hawezi kuingia mahali hapo, na mwezi huo huo akamuuza Mjerumani wake akanunua gari. Jumapili za kituo cha mafuta zikalegea. Kila wiki niliona watu wakiikalia pikipiki ya mzee: wasichana waliovaa kwa ajili ya sherehe, baba na mtoto wake, wachumba wakibanana. Walikaa, wakacheka, wakashuka. Kiti kilichotutia hofu kiasi kile kimeanza kupasuka ngozi kwa kukaliwa na watu ambao hawataki chochote kutoka kwake. Mimi bado nilisimama pembeni na kahawa yangu, nikishika sheria ya marehemu wakati mwenyewe yu hai.

Mzee hunipigia Jumapili, jioni yangu, ambayo kwake ni asubuhi. Anapiga simu ya kawaida, ya sauti tu, kwa sababu haamini zile za picha. Jumapili iliyopita ilinikuta pale mkahawani. Mvua ilikuwa imewaweka watu ndani na hakuna aliyekuwa karibu na mlango.

"Beti, sasa?"

"Poa, mzee. Baridi ya huko?"

"Baridi ya mbwa. Niambie. Inawaka kick ya ngapi?"

Nilikuwa nimezoea kusema inaendelea vizuri, nimeipa oili, nimeitoa hadi Limuru. Hili hakuwahi kuniuliza. Nikasema jibu la kwanza lililonijia.

"Ya tatu."

"Ya tatu!" Sauti yake ikapanda, ule ubishi wa zamani, na kwa muda nilimwona pale kwenye kituo cha mafuta, kidole juu. "Wewe haraka yako! Hautafuti. Unapiga tu. Iko karibu?"

"Iko karibu," nikasema, na huo haukuwa uongo.

"Panda. Mimi nasikiliza."

Nikaweka kikombe chini. Nikapandisha mguu, nikaikalia. Kiti kilikuwa kipana kuliko nilivyodhani, na magoti yangu yakakuta pale palipokwanguka kwenye tangi, bila kutafuta. Msimamizi alinitazama, akainua simu yake kuniuliza kama nataka picha. Nikatikisa kichwa.

"Nimekaa, mzee."

Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake birika likichemka.

"Sawa," akasema taratibu. "Sasa weka mguu. Shusha polepole, polepole. Usipige. Tafuta tu mpaka ikupinge."

Niliweka kiatu juu ya kick. Ikashuka kwa uzito wa mguu wenyewe, nyepesi, moja kwa moja mpaka chini, ikagusa sakafu.

"Imekupinga?"

"Imenipinga, mzee."

"Basi iko hai," akasema. "Sasa piga."