Bodi ya Kuifaa Kadi Kongwe

Walipoingia duka la tatu la kompyuta, miguu ya Mama Nukta ilikuwa ikiwaka moto. Jina hilo alipewa na wanafunzi wa shule ya wasioona, kwani kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyewachapia maandishi ya nukta nundu, yanayosomwa kwa vidole. Mashine yake ni kongwe. Haielewani na kompyuta ila kupitia kadi moja ya zamani inayochomekwa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Sasa mazabodi ilikuwa imeungua na mtihani ni Jumatatu. Bila karatasi za nukta, watoto kumi na wanne wangesomewa maswali kwa sauti, wote kwa mpigo, kama watu walio mnadani.

Wiki iliyopita alikuja peke yake, akachagua kwa macho. Bodi ilikuwa mpya, matundu ya USB tele, na nafasi ya kadi ilikuwa na urefu uleule. Nyumbani kadi ikagoma. Pengo la meno yake lilikuwa huku, kizuizi cha nafasi ya bodi kiko kule. Aliibembeleza mpaka akachoka, akakaa sakafuni.

Leo alimleta dada yake, mwalimu wa shule hiyo, asiyeona tangu utotoni. Muuzaji alipoanza kusifia taa za bodi, dada akanyoosha mkono apewe.

“Mama, hii si ya kushikwashikwa.”

“Na mimi si wa kuonyeshwa, mwanangu. Lete.”

Akapapasa meno ya kadi waliyokuja nayo, kisha nafasi ya bodi. Akakataa. Ya pili akakataa, ya tatu pia. Mama Nukta aliegemea kaunta, macho mazito. Ya nne ilitoka rafu ya chini, imetumika, ina vumbi. Vidole vya dada vikaenda, vikarudi, vikatulia.

Muuzaji hakuficha: hiyo ina matundu manne tu ya USB, na la skrini ni la kizamani. Mama Nukta akasema skrini yao nayo ni ya kizamani.

“Basi mmefanana ukoo mzima,” akasema muuzaji, naye dada akacheka.

Kadi ikazama mahali pake bila kusukumwa. Mama Nukta alingoja furaha, haikuja. Bodi yenyewe ilikuwa imeshatumika. Itadumu mpaka lini?

“Ikifa na hii, dada?”

“Tutazunguka tena, mdogo wangu. Kwanza watoto wafanye mtihani.”

Jumapili mchana mashine ilianza kugonga. Dada akapokea ukurasa wa kwanza ungali na joto, akaupitishia vidole taratibu, vikasimama katikati.

“Umeruka swali la sita.”

Mama Nukta akavua viatu, akasogeza kiti, akaanza upya.