Mafuta Aliyoyaogopa Nyanya

Jumapili iliyopita nilicheka kanisani, tena katikati ya misa. Mtu mzima, mvi zimejaa kichwani, nikashikwa na kicheko hadi nikalazimika kujifanya nakohoa. Ilikuwa misa ya kuwaombea wagonjwa, hapa Kisumu. Padre, kijana mdogo wa juzi tu, alitangaza kwamba wanaotaka Mpako wa Wagonjwa wapange foleni, na rafiki yangu, ungeona watu walivyoinuka. Wenye sukari, wenye presha, wenye magoti mabovu, mpaka mama mmoja ambaye najua vizuri kwamba ugonjwa wake ni jino. Walisukumana wasije wakakosa mafuta. Nikamkumbuka nyanya yangu. Yeye alikuwa tayari kufa ili mradi asipakwe mafuta yale.

Kwetu ni kando ya ziwa, upande wa Usenge, na miaka ninayoizungumzia ni ile ya sitini ikiisha na sabini ikiingia. Baba alifanya kazi bandarini Kisumu, akija nyumbani mwisho wa mwezi na mkate na majani ya chai. Sisi wengine, mama, mimi na wadogo zangu, tuliishi bomani kwa nyanya, mama yake baba. Asubuhi tulichota maji ziwani kabla ng'ombe hawajayachafua, tukatandaza omena, wale dagaa wa ziwa letu, juu ya nyavu kuukuu, kisha nikakaa hapo na kijiti kuwafukuza ndege weupe, ambao adabu hawakuwa nayo hata kidogo. Harufu ya omena ilikaa kwenye nywele zetu, kwenye sare, hata kwenye madaftari. Mwalimu wetu wa shule, aliyetoka mbali na ziwa, alifungua madirisha yote tulipoingia darasani. Nasi tulishangaa anasikia harufu gani.

Kanisa letu lilikuwa kigango tu, kuta za udongo na paa la bati. Padre, Mzungu mrefu mwenye pikipiki, alifika mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa la katekista. Alifundisha dini, aliongoza sala, alizika, na kila alfajiri aligonga rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mkuyu, ili tusali Malaika wa Bwana. Kwa sala aliigonga haraka haraka, matatu matatu. Mtu akifa aliigonga polepole: pigo moja, kimya, pigo jingine. Kijiji kizima, hata wasiokuwa Wakatoliki, walijua rimu inasema nini.

Sasa sikiliza mafuta yalivyopata jina baya. Padre akiitwa kwa mgonjwa, katekista alitangulia njiani akitikisa kikengele, kwa kuwa padre alibeba Ekaristi, na watu walipiga magoti majanini. Ndani ya nyumba kulitayarishwa kimeza chenye kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa na pamba. Ilikuwa heshima kubwa, na ilitisha. Maana nani alimwita padre mapema? Watu walingoja mpaka mgonjwa ameacha kula, ameacha kusema, macho yamegeuka, ndipo wanatuma mtu kwa baiskeli. Padre anafika, anapaka, na mgonjwa anakata roho hata pikipiki haijapoa. Babu yangu alikufa hivyo. Mke mwenza wa nyanya alikufa hivyo. Basi kijiji kikaamua kwamba mafuta yanaua. Kikengele kikisikika, akina mama waliwavuta watoto ndani, na jirani wa mgonjwa akaanza kupasua kuni za matanga.

Nyanya alianza kukohoa wakati wa mvua. Kwanza tulidhani ni moshi wa jikoni. Mvua zikaisha, kikohozi hakikuisha. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya ghuba, na sasa gauni lilimning'inia na mabega yakabaki mifupa. Siku moja mama alikuwa akifua leso zake, nikaona amesimama tu, ameishika leso moja, haendelei kufua. Kulikuwa na damu. Ugonjwa huo, kifua kikuu, ulikuwa na dawa, watu wote walijua. Hospitali ya misheni walikuwa na sindano, unakaa kule miezi, unarudi mzima. Lakini nyanya alikataa kata kata.

“Hospitali ya misheni padre anazunguka vitandani na kile kichupa chake,” alisema. “Nitasinzia, nikiamka nimeshapakwa.”

Baba alikuja kutoka Kisumu, akatisha kwamba atambeba kwa nguvu. Nyanya akamwambia akijaribu asimwite mama tena. Baba alirudi kazini macho mekundu. Mimi nilimpenda nyanya kuliko mtu yeyote, na nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa kwamba anakufa mbele yetu, kidogo kidogo, huku dawa ipo safari fupi kutoka mlangoni.

Akina mama wa kanisa walikuja kila alasiri kusali rozari. Walikaa juu ya mikeka, miguu wameinyoosha, vidole vikihesabu punje, na baada ya sala mama aliwapa nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, tukala wote kwenye sinia moja. Wengine walimchotea maji, mwingine alimsuka nywele. Hakuna aliyeogopa kikohozi chake. Leo najua walipaswa kuogopa, lakini sitawalaumu. Nyanya alizipenda siku zile, alijibu sala kwa sauti kubwa kuliko wazima.

Mwaka huo padre alikuwa ametangaza kwamba Kanisa limebadilisha mambo, na katekista alilihubiri jambo hilo miezi mingi. Akaja kumweleza nyanya mwenyewe.

“Mama, si mpako wa mwisho tena,” alisema. “Sasa unaitwa Mpako wa Wagonjwa. Ni wa kumpa mtu nguvu.”

“Mafuta ni yale yale?”

“Ni yale yale, Mama.”

“Na kichupa?”

“Kichupa ni kile kile.”

“Basi wamebadilisha jina tu,” nyanya akasema, akageukia ukuta.

Padre alipofika kwa ziara yake ya mwezi, katekista alimleta. Kikengele hawakutikisa, kwa kumwonea nyanya huruma. Nyumba ilijaa akina mama. Padre, aliyesema Kijaluo chake cha puani, aliketi kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni, akaanza kumbembeleza. Nyanya alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia katekista.

“Mwalimu, wewe una mshipa,” akasema.

Katekista akatazama chini. Ni kweli, alikuwa na henia. Alitembea amejikunja, mkono umeshika kiuno, na daktari wa Kisumu alikuwa amemwambia zamani akapasuliwe. Kila mwaka alitafuta sababu. Mwaka huu mavuno, mwaka ule Pasaka.

“Daktari anakungoja na kisu, nawe umejificha,” nyanya akaendelea. “Kwa hiyo na wewe ni mgonjwa. Mafuta si ni ya wagonjwa? Upakwe wewe kwanza, nione.”

Padre alipiga paja kwa furaha. Alisema mama huyu amefahamu mafundisho barabara, kwani anayengojea upasuaji anaruhusiwa kabisa kupakwa. Lakini mimi nilikuwa nikimtazama katekista. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Huyu ndiye aliyetuhubiria kwamba mafuta ni ya uzima, na sasa alitazama kichupa kama mbuzi anayekitazama kisu.

“Labda niende kwanza nimwambie mama watoto,” akasema kwa sauti ndogo.

Nyanya alicheka mpaka akakohoa, mama akakimbilia kumshika. Akina mama wengine waliziba midomo kwa leso. Katekista alipoona hivyo akavua kofia, akaketi. Padre akampaka kwenye paji la uso, kisha kwenye viganja, na ile “Amina” ya katekista ilitetemeka kama ya mtoto. Alikwenda nyumbani akisukuma baiskeli yake, viganja amevifungua, asije akagusa kitu.

Basi kazi ya nyanya ikawa kuisikiliza rimu. Hakugusa uji mpaka ilie. Ikilia matatu matatu, alisema, “Bado yupo,” kwa sauti ya mtu anayelaumu, ndipo akanywa. Na si yeye peke yake. Kijiji kizima kilimwangalia katekista. Alisalimiwa kwa makini mno, watu wakimuuliza amelalaje na kungojea jibu. Wiki ikaisha, nyingine ikaanza. Mama alimwambia nyanya kwamba sasa ameona, twende hospitali. Nyanya akasema tungoje kidogo. Kukohoa kwake kulikuwa kumegeuka, sasa kulitoka ndani kabisa, na mama alianza kulia akidhani sisi watoto hatumwoni.

Asubuhi moja rimu haikulia. Jua lilipanda, uji ukapoa, ukatanda ngozi juu. Nyanya alikuwa ameketi kitandani, sikio ametega mlangoni. Mimi nilijua katekista akiwa amekufa, hakuna mtu duniani atakayempeleka nyanya hospitali. Halafu tukasikia. Pigo moja. Kimya. Pigo jingine.

“Niliwaambia,” nyanya akasema, akajilaza, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Nduru zikapaa kutoka kila boma. Mama akafunga leso kiunoni akakimbia, nami nyuma yake. Wanawake walikuwa wakimiminika kanisani mikono kichwani, wanaume wameacha nyavu. Na chini ya mkuyu tukamkuta mke wa katekista, mtoto mgongoni, ameshika kile chuma cha kugongea kwa mikono miwili, anatutazama kwa mshangao.

“Nani amekufa?” akatuuliza.

Bibi mmoja alimkumbatia, akaanza kumlilia begani. Ilichukua muda mpaka tukaelewana. Mumewe alikuwa ameondoka na basi la kwanza kwenda Kisumu kupasuliwa. Alikuwa amekaa siku zile zote akijingojea afe, na alipoona hafi, woga ukamwisha. Alimwambia mkewe kwamba ikiwa mafuta hayakumuua, kisu nacho kitashindwa, akaondoka kabla hajabadili nia. Akamwachia kazi ya rimu. Mkewe alipitiwa na usingizi, akachelewa, na chuma kilikuwa kizito. Kila akipiga mara moja alipumzika, ampandishe mtoto vizuri mgongoni.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama hakungoja kumaliza kucheka. Tulirudi mbio, akaivuta ile shuka, akamweleza nyanya yote.

“Amekwenda mwenyewe?” nyanya akauliza. “Hakubebwa?”

“Mwenyewe, Mama. Kwa miguu yake.”

Nyanya aliketi, akashusha miguu chini. Nje omena zetu zilikuwa zinaliwa na ndege na hakuna aliyejali. Kisha akasema, “Nyar Nyakach,” maana mama alizaliwa Nyakach karibu na Katito, na kwetu mke huitwa kwa alikotoka, “nipe lile gauni langu la Krismasi.”

Padre alikuja na Landrova ya misheni kumchukua. Nyanya akasema apakwe hapo hapo, nyumbani kwake, watu wote wakiona. Alifumba macho kwa nguvu kabisa. Padre akampaka paji la uso, akampaka viganja, nyumba yote ikaitikia Amina. Nyanya akafumbua jicho moja.

“Ni haya tu?” akauliza.

Alikaa hospitali miezi. Aliporudi alikuwa amenenepa, sauti imerudi, na katekista, aliyetembea sasa wima kama askari, alimgongea rimu kwa furaha mpaka padre akamwonya. Tangu siku hiyo nyanya akawa mtu wa wagonjwa. Padre alipokwenda kwa mgonjwa, nyanya alitangulia, akaketi kitandani, akamfungulia viganja. “Tazama,” alisema, “na mimi nilipakwa.” Watu wakaanza kumwita padre mapema, mgonjwa angali anakula, na wengi, wakipelekwa pia hospitali, walipona. Kijiji kikageuza maneno yake yote. Sasa aliyepakwa alikuwa amekwisha kupona.

Kigango chenyewe siku hizi ni parokia, kuta za mawe, spika juu ya mnara. Ile rimu iliuzwa kwa watu wa vyuma. Mkuyu haupo. Wagonjwa wetu wako hospitali, mlinzi anakuuliza kama saa ya kutazama wagonjwa imefika, na rozari tunaitumiana kwa simu. Sina ugomvi na hospitali, ndiyo iliyonipa nyanya miaka mingine mingi. Ninachokosa ni ile nyumba iliyojaa watu, miguu imenyooshwa mikekani, mgonjwa akijibu sala kuliko wazima, na sinia la nyoyo katikati.

Nyanya alikuja kufa nikiwa msichana mkubwa, kwa uzee tu. Alimwita padre mwenyewe, akapakwa macho wazi, akamwuliza padre habari za pikipiki. Kesho yake asubuhi tulikuwa naye mama na mimi peke yetu, kwa kuwa hakuna jirani aliyeona haja ya kuja. Nje watu walikuwa wakitandaza omena, watoto wakicheka, mtu akimpigia mwenzake kelele juu ya kasia lake. Nyanya alisikiliza yote hayo, akatabasamu, akatuambia, “Hawa sasa wameamini kupita kiasi.” Halafu akapumzika, hivyo hivyo, mkono wake ndani ya wangu.

Mama akatoka mlangoni akapiga nduru. Majirani wakasimama na nyavu mikononi, wakatazamana, hawamwelewi. Mmoja akaja mpaka kwenye ua, amekunja uso kama mtu aliyedanganywa.

“Lakini si alipakwa mafuta jana?” akauliza.

Na mama yangu, machozi yakimtiririka, akacheka.