Nilivyoteleza Ukweni Chamwino

Jamani, hii nawaambia nyie tu, na mkicheka chekeni polepole, maana makalio yangu mpaka leo yakisikia neno mlenda yanashtuka.

Siku ya kujitambulisha kwa kina Neema nilipendeza, sijisifu, ila viatu vilikuwa vimelamba vumbi lote la Dodoma na dawa ya viatu imeisha, sasa mimi si nauza mafuta ya alizeti pale Majengo, nikasema isiwe tabu, nikachovya kitambaa, nikapaka, vikang'aa, na kwa sifa zangu (hapo ndipo nilipojiloga) nikapaka mpaka soli, ili nikikunja nne wakwe waone huyu kijana ni msafi hadi chini.

Bodaboda akanishusha mlangoni kabisa, soli haikugusa hata mchanga.

Kumbe sebuleni kwao vigae, na vimepigwa deki. Mzee bado yuko chumbani anavaa koti. Nikapiga hatua moja, moja tu, zilizobaki sikupiga mimi, nikaanza kwenda nimesimama wima kama mwewe anayeelea bila kupiga bawa, nikapita makochi, Neema akanidaka mkono tukaenda wote, tukaingia jikoni mama mkwe anasonga ugali, nikampa "shikamoo mama" nikiwa njiani, halafu nikakaa. Kwenye sufuria la mlenda, lililoepuliwa sakafuni lipoe (halijapoa).

"Kuna nini huko?" mzee akauliza toka chumbani.

"Samahani baba, nimeteleza."

"Umeteleza?"

"Ndiyo baba. Bahati mbaya tu."

"Na Neema?"

"Na yeye baba, tulikuwa tumeshikana."

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Humu ndani mwangu? Mama yake yuko wapi?"

"Yupo hapa baba, ametuona."

Mzee katoka, koti mkono mmoja, fimbo mkono wa pili, ndipo nikaelewa yeye anasema kuteleza kupi (kule kwa miezi tisa). Neema analia, mama anacheka mpaka hawezi kusema neno, mimi nachuruzika. Aliyeniokoa ni baba yake mdogo Neema, mwalimu wa sayansi, aliyekuja kunipokea akanikuta sakafuni. Kanivua kiatu, kanusa soli.

"Kaka, shusha fimbo. Mwewe anateleza hewani, ulimi unateleza, vijana nao wanateleza, ila huyu kakosa msuguano tu. Alizeti hii."

Mzee akakinusa kiatu na yeye, akatazama mlenda unavyodondoka.

"Kijana, shukuru ni alizeti."

Nikakubaliwa. Ila majirani walisikia ule mwanzo, sayansi hawakuisubiri, jioni mama mmoja akamletea Neema udongo wa kutafuna: "Pole mwanangu, kichefuchefu kitaisha." Huu mwezi wa kumi na nne, bado anauliza hiyo mimba ni ya tembo au.

Soli sipaki tena kitu. Na lile neno nimelifuta kinywani: mvua ikinyesha nadondoka, naanguka, napiga mweleka, ila ku-nanihii, mimi, sifanyi.