Mishale Kumi na Mmoja Iliyokwenda Kushoto

“Mishale yako imelewa, Mama Twaha! Yote inakwenda kombo!”

“Mlevi ni huo upinde wenu, Mwalimu. Mie nilianza kuchonga mishale wewe hujajua hata podo linavaliwa bega gani.”

Ni saa tatu asubuhi, Jumamosi, uani kwa Chausiku Mwishehe, Chanika. Mwalimu Theonest, anayefundisha kikundi cha hapo Chanika cha kulenga shabaha kwa pinde za asili, ameshika mishale kumi na miwili, ya kwanza kununua kwa Chausiku, kama mtu anayerudisha samaki waliooza. Saa kumi jioni kikundi chake kinashindana na wenzao wa Segerea. Neno lake ameshalisema: mishale hii isipokwenda sawa leo, kuanzia Jumatatu kikundi kitatumia ya kiwandani.

“Wewe utabaki na wateja wako walinzi,” anamalizia.

Chausiku, mwenye umri wa miaka 46 na mama wa watoto watatu, hana muda wa maneno mengi. Anaingia ndani, anatoka na upinde wa marehemu baba yake, anachomoa mshale mmoja mkononi mwa Theonest na kuupachika. Hatua ishirini mbele limetundikwa gunia lililoshindiliwa makumbi ya nazi. Mshale unalia, unazama katikati. Wa pili, katikati. Wa tatu, katikati.

“Haya. Sema tena.”

Theonest anamwita Vaileth, fundi cherehani kutoka Mwananyamala, ambaye ndiye mpigaji tegemeo wa kikundi. Vaileth anachukua upinde wake na kupiga yote kumi na miwili bila haraka. Kumi na mmoja inatoka ikitikisa mkia na kulikosa gunia kwa upande wa kushoto. Mmoja tu unakwenda kama umevutwa kwa uzi, unachoma katikati.

“Kajifunze kupiga, mwanangu,” Chausiku anamwambia.

“Shikamoo yako nimeshakupa, mama, kwa hiyo sikuvunjii heshima,” Vaileth anajibu. “Ningekuwa sijui kupiga, ingetawanyika. Kumi na mmoja upande uleule? Na huu mmoja ulioingia una nini?”

Chausiku anaukumbuka. Ni ufito uliomponyoka akiuchonga ukawa mwembamba kuliko wenzake, akataka kuutupa, akauacha ili idadi itimie.

Hapo ndipo ugomvi unapokatika. Chausiku anakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, ameushika ule mshale mwembamba, anaupinda taratibu na kuuachia. Kisha anatuma kwa jirani muuza samaki aazimwe mizani ya kuning’iniza.

Wanatundika upinde wa baba kwenye boriti na kuvuta uzi kwa ndoano ya mizani hadi urefu wa mshale. Mizani inasoma kilo ishirini na tano. Wanatundika wa Vaileth. Kilo kumi na nne.

“Basi kosa ni langu,” Chausiku anasema. Anasema hivyo mbele ya Theonest, mbele ya Vaileth na mbele ya muuza samaki aliyefuata mizani yake.

Kazi hii alifundishwa na baba yake, aliyekuwa akifukuza nguruwe pori kwenye mihogo wakati Chanika bado ni mashamba. Mzee alipima ugumu wa ufito gotini: akiukandamiza, alijua. Chausiku alilirithi goti hilo, na goti linajua upinde mmoja tu.

Kwa miaka kumi na minane hakuna aliyemrudishia mshale. Wateja wake ni walinzi wa usiku wa maduka na magodauni, wanaonunua mshale mmoja kwa shilingi elfu sita. Kwa mwezi mzuri huuza hamsini, na mishale hiyo ndiyo iliyomsomesha mwanawe Twaha hadi chuo.

“Mlinzi hapigi, anabeba,” anasema na kuanza kucheka mwenyewe. “Miaka yote hiyo nilikuwa najisifu, kumbe mishale yangu haijawahi kutoka podoni!”

Anaeleza jambo ambalo wengi hawalijui. Mshale ukiachiwa hauendi moja kwa moja. Unajipinda kwanza, unauzunguka mti wa upinde, ndipo unanyooka. Ukiwa mgumu kuliko nguvu ya upinde, haujipindi vya kutosha, na kwa mpigaji wa mkono wa kulia unatupwa kushoto. Ukiwa laini mno, unakwenda kulia. Manyoya ya nyuma hayawezi kutibu hilo.

Saa nne na nusu anapigilia misumari miwili kwenye ubao uliosimamishwa ukutani. Analaza juu yake ule mshale mwembamba na kuning’iniza katikati jiwe la mizani la kilo moja aliloazima kwa muuza samaki. Ufito unabonyea. Pale ulipofika, anachora mstari kwa penseli.

“Kila mmoja utafika hapa. Usiofika, nakwangua.”

Anakwangua kwa kigae cha chupa, anamalizia kwa msasa, anapima, anakwangua tena. Theonest, aliyekuja kufoka, anapewa kazi ya kushika jiwe.

“Mwalimu, usiliangushe, si la kwako.”

“Nimekuja kushtaki, nimepewa kibarua.”

Kufikia saa nane mchana mishale kumi na miwili inagusa mstari uleule. Vaileth anaipiga yote kwenye gunia. Hakuna unaotikisa mkia. Muuza samaki anapiga makofi.

Segerea, saa kumi na moja jioni, uwanja umejaa. Wenyeji wanaongoza kwa pointi mbili na Vaileth amebakiwa na mshale mmoja. Ni lazima upate duara la katikati. Chausiku amesimama nyuma ya kamba, khanga ameikaza kiunoni, haangalii shabaha. Anaangalia mshale wenyewe.

Uzi unaachiwa. Mshale unajipinda mara moja, unanyooka, na kabla haujafika Chausiku ameshapiga kigelegele.

“Niliuona unanyooka,” anasema. “Nikajua umeshafika.”

Chanika wamepata ushindi wao wa kwanza dhidi ya Segerea. Vaileth anabebwa juu juu, naye anadai Mama Twaha abebwe pia. Wanne wanajaribu, wanashindwa, wanacheka wote.

Jua bado lipo wanaporudi uani. Chausiku anasema anataka kujenga banda lenye ubao wa kupimia na uwanja wa majaribio, afundishe wasichana kazi hii kwa mizani badala ya goti. Bado anaeleza, Theonest anamkatisha akiwa na noti mkononi.

“Mama Twaha, nichagulie kumi na miwili mingine. Wapigaji wapya wanaanza Jumatatu.”

“Pinde zao ziko wapi?”

“Ziko kwangu. Si mishale tu? Wewe nipe.”

Chausiku anachukua kopo la rangi nyekundu anayotilia alama mishale, anaenda kwenye bati la geti na kuandika kwa herufi kubwa: BILA UPINDE WAKO, SIUZI MSHALE.

Anamrudishia Theonest noti zake, zikiwa na alama ya kidole chekundu.

Mwalimu anasoma bati, rangi ikichuruzika. Anatia hela mfukoni, anatoka nje ya geti na kuita bodaboda akafuate pinde.