Hakuna Anayeomba Punguzo Mochwari

Saa mbili asubuhi, upepo wa Juni unachapa mabati ya mochwari, na Redempta amekwisha kusuuza sakafu mara mbili. Mlangoni wamesimama watu watano kutoka Mpui, wamekuja kumchukua bibi yao. Mkubwa wao, mzee mwenye koti zito, anakohoa kidogo, halafu anauliza lile swali ambalo mama huyu hulichukia kuliko harufu ya dawa.

"Mama, tunadaiwa kiasi gani?"

Redempta anamtazama usoni, usoni tu. "Elfu themanini, baba. Poleni sana."

Mzee hasemi ni nyingi, hasemi ni kidogo. Anawageukia ndugu zake, wanachangishana noti za elfu mbili na elfu tano, wanamkabidhi. "Asante, mama," anasema, na wanaingia kumbeba mtu wao.

"Umeona?" Redempta ananiuliza wakishaondoka. "Hata kwa nini themanini hawakuuliza. Ningesema laki mbili wangezitafuta vilevile."

Ana miaka arobaini na saba, ni mjane, anaishi Kizwite na binti zake wawili. Alikuwa akiuza maharage sokoni hadi miaka sita iliyopita, alipopata kazi katika hospitali hii ndogo ya watu binafsi, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Huosha miili, huichoma dawa isiharibike, huilaza kwenye jokofu lenye nafasi sita. Kwa mwezi hulipwa shilingi laki moja na tisini elfu.

Kuna kazi nyingine ambayo kwenye mkataba haimo. Yeye ndiye mkadiriaji wa bei.

Bei yenyewe haikuandikwa popote. Uongozi ulimpa mipaka miwili: isishuke chini ya elfu sitini, isizidi laki tatu. Katikati hapo atumie busara. "Niliambiwa, wewe umezoea soko, mtazame mtu uwezo wake. Nikauliza, uwezo nautazamaje? Nikajibiwa, tazama viatu."

Haya basi, akawa anatazama viatu. Ndala zilizoshonwa kwa waya, elfu sitini. Viatu vya ngozi, laki na zaidi. Wapo wafiwa ambao humvuta pembeni na kuuliza kwa sauti ya chini kama ubongo nao hutolewa ukahifadhiwa mbali, na kama una malipo yake.

"Nawaambia hapana, jamani, mtu wenu yuko kamili kama mlivyomleta. Lakini ona, hata hicho walikuwa tayari kukilipia."

Kosa lake alilifanya Februari ya mwaka jana. Alikuja mfugaji mmoja wa makamo kutoka Kaoze, kule bondeni, Msukuma aitwaye Limbu. Mwanawe Raymond, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akijifunza uashi mjini, alikuwa amekufa kwa homa. Mvua ilikuwa imekata barabara ya mlimani, baba akachelewa siku nne, na siku zote nne zikahesabiwa kwenye malipo. Alipotokea mlangoni pa mochwari, miguuni alikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vinang'aa.

Redempta akaviona. Moyoni akakadiria laki moja na nusu. Lakini mazoea yana tabu! Sokoni ukitaka mia unataja mia mbili, mteja anakuvuta, nawe unamvuta, mnakutana katikati. Akataja laki tatu, akasubiri avutwe.

Hakuvutwa.

"Yule baba akasema, 'Naomba siku moja, mama.' Kesho yake akaja nazo kamili, kazifunga kwenye kitambaa. Akanishukuru."

Naye akazipokea. Akifika hapo kwenye masimulizi, Redempta hujifunika uso kwa kanga. "Ningeweza kusema, baba, nimekosea. Mdomo ulikuwa wangu, hakuna aliyenizuia. Nikaona haya, nikamwandikia risiti."

Wiki tatu baadaye ndipo alipoelezwa na Coleta, mfanyabiashara wa mchele anayepanda na kushuka Kaoze. Viatu vile vilikuwa vya marehemu. Limbu alipanda lori akiwa na kandambili, zikakatikia kwenye tope njiani. Muuguzi alipomkabidhi nguo za mwanawe, alivivaa viatu kwa sababu ya baridi ya huku juu.

Na zile laki tatu? Alimuuza ng'ombe wa kulimia, tena kwa simu, kwa bei ya kutupa. Alikuwa nao wawili tu. Ng'ombe mmoja halimi peke yake, kwa hiyo msimu ule wa mpunga Limbu na mkewe waliinama na majembe ya mkono hadi mwisho.

"Nililia mpaka Coleta akaniogopa," anasema Redempta. "Mungu wangu, nilimtoza mtu kwa viatu vya maiti wake."

Tangu hapo akawa anaweka elfu kumi kila mwezi. Miezi kumi na tano ilipotimia, laki moja na nusu ilikuwa mkononi. Mapema mwezi huu akashuka Kaoze.

Alimkuta Limbu uani akipepeta mpunga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe si yule mama wa kule kwa Raymond?"

Redempta aliweka bahasha juu ya mkeka na kueleza yote. "Nilitaja nyingi ili uniombe nipunguze, baba. Ndivyo nilivyozoea."

"Nikuombe upunguze?" Limbu aliweka ungo chini. "Kwa mwanangu?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Limbu akairudisha bahasha kwa ncha za vidole. "Kukusamehe nimekusamehe. Lakini nikizipokea hizi, itakuwa Raymond nimempatana bei. Ng'ombe napatana, mpunga napatana. Yule sikumpatana. Rudi nazo, mama."

Redempta alimsihi, akapiga na magoti. Hakukubali. Mke wa Limbu akaleta wali na maziwa, na mgeni akala huku machozi yanadondokea sahanini. Wakati wa kuagana, mwenyeji wake alisema neno moja tu: "Mwingine akija, mtajie ya kweli tangu mwanzo."

Tangu arudi, Redempta humtajia kila mtu elfu themanini, hata mwili ukae siku ngapi. Ameshaitwa ofisini mara mbili kujieleza. Jumatatu ijayo kamati ya hospitali itaamua kama bei hiyo moja ipite, au kama yeye ndiye atakayepita, kwenda nyumbani.

Isdori, katibu wa hospitali, si mtu mbaya. "Dawa inapanda, umeme unakatika, jenereta linakunywa dizeli," anasema. "Na kumtazama mtu uwezo ni huruma. Mwenye nacho anambeba asiye nacho."

Redempta akisikia hivyo hutikisa kichwa. "Mwenye nacho hupiga simu kwa mkubwa, jioni naambiwa mpunguzie yule ni mtu wetu. Asiye nacho hana wa kumpigia. Huenda kuuza ng'ombe."

Anachoomba ni ukuta wa nje uandikwe bei kwa herufi kubwa, mfiwa aisome kabla hajafungua mdomo, na siku ambazo barabara imekatika zisihesabiwe kabisa. Laki moja na nusu aliyorudi nayo ameitenga kwa rangi na fundi wa kuandika. Kamati ikikubali Jumatatu, anataka Jumanne asubuhi ukuta uanze kuandikwa. Ikikataa, ataacha kazi, na binti zake ameshawaambia.

"Watu wangekuwa wanalalamika, ningejua ni lini nimekosea," anasema. "Hawalalamiki, ndugu mwandishi. Unamwumiza mtu, naye anakuambia asante, mama."